Nilivyompeleka Baba Kwenye Msiba Wake

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuweka uso. Nimempeleka baba yangu nyumbani Gendabi kwa bodaboda, tukakuta kaburi lake limeshafika kiunoni.

Ngojeni, nianze na jana.

Baba alikuwa kwangu hapa Katesh anatibiwa macho. Alitolewa mtoto wa jicho upande mmoja, likafunikwa kitambaa cheupe. Jana mchana tukiwa tumekaa uani akaniambia, "Paulina, hebu nirekodi. Nataka kuongea na kaka yako."

Kaka yangu Paskali yuko Mwanza. Miaka mingi hajakanyaga nyumbani. Kila ukimuuliza anakuja Desemba, na kila Desemba inapita. Basi nikashika simu. Baba akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, akasema, "Paskali baba, jicho limetengenezwa. Kesho wananifungua. Njoo basi nikuone na wewe. Hawa wengine nimeshawazoea."

(Hawa wengine ndio sisi.)

Video ilikuwa nzito, na bando langu lilibaki la kusoma salamu tu. Nikakumbuka pale stendi kuna hoteli imebandika karatasi: WAIFAI YA BURE. Nikaenda, nikaagiza chai ili nisionekane nimefuata cha bure tu. Nikawasha. Ikatokea mitandao miwili yenye majina yanayofanana. Sikumuuliza mhudumu ni upi wa kwao. Nikachagua uliokuwa na nguvu zaidi.

Ukurasa ukafunguka: andika namba ya simu. Nikaandika. Ukasema nitaletewa tarakimu sita kwa meseji, niziandike hapo. Zikaja. Meseji yenyewe ilisema wazi kabisa: usimpe mtu yeyote namba hizi.

Nikajiambia, hii si mtu, hii ni waifai.

(Mimi ndiye mwalimu wa TEHAMA shuleni kwetu. Naomba msimfikishie mwalimu mkuu.)

Video ikaanza kwenda. Kile kiduara kikazunguka weee, halafu nikatolewa kwenye akaunti yangu ya meseji na makundi, eti imefunguliwa kwenye simu nyingine. Nikasema mtandao unasumbua. Nikamaliza chai yangu, nikarudi. Baba akauliza, "Imefika?" Nikamjibu, "Iko njiani, baba." Jioni umeme ukakatika, simu ikazima, nami nikalala fofofo.

Leo asubuhi umeme bado. Daktari akalitazama jicho, akasema baba anaweza kwenda nyumbani, ila njiani abaki na kitambaa kwa ajili ya vumbi, tukifungue jioni. Tukapanda bodaboda. Dereva mbele, baba katikati, mimi nyuma na mfuko wa dawa. Baba alikuwa na raha. Alimwelekeza dereva kila kona, pamoja na zile ambazo barabara haina.

Tulipokaribia nikaona watu. Wanawake wamebeba kuni. Moshi. Sufuria kubwa za kanisa. Nikasema, masikini, kwa nani tena?

"Ni upande wa kwetu," baba akasema. "Atakuwa jirani." Akavua kofia.

(Ndiyo. Baba yangu alivua kofia kwa heshima ya msiba wake.)

Bodaboda ikaingia uani kwetu. Kilio kikakatika. Mama Tluway, jirani wa mpakani, alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Akamwona mzee anashuka na kitambaa cheupe usoni. Ndoo ikaenda huku, yeye akaenda kule, akapotelea kwenye alizeti. Wenzake wakamfuata, na makande yakabaki jikoni bila mwenyewe. Dereva alipoelewa msiba ni wa abiria wake, aliwasha pikipiki akaondoka bila kudai nauli.

Baba alifuata sauti ya majembe mpaka nyuma ya nyumba, pale alipolala mama. Pembeni ya mama kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kijana wa jirani anatupa udongo. Akainua uso.

"Shikamoo babu," akasema.

"Marahaba."

Heshima ilitangulia, akili ikafuata. Kijana alitafuta pa kupandia pande zote nne. Baba akachungulia kwa lile jicho lisilofungwa.

"La nani hili?"

Kijana akaficha jembe nyuma yake.

"Maana kama ni langu," akasema, "huku miguuni ni fupi."

Mimi sikuweza kucheka. Nililitazama lile shimo, nikatazama kaburi la mama, nikaona jinsi walivyopanga vizuri, bega kwa bega.

Hapo ndipo katekista wetu akaja na simu yake. Ni mtu mpole sana, na upole wake ndio ulionimaliza. "Mwalimu," akasema, "huyu si wewe?" Akasoma kwa sauti, mbele ya ukoo, kwaya na wachimba kaburi. Picha ni yangu. Jina ni langu. Ujumbe umeingia jana jioni kwenye kundi la ukoo na kundi la kigango chetu cha kanisa:

"Kwa majonzi makubwa, baba yetu ametutoka leo hapa Katesh. Mwili tunauleta kesho mchana. Siwezi kuongea, nalia tu. Mchango utumwe kwa namba hii."

(Na kweli, mchana nimeuleta mwili.)

"Tulikupigia ukawa hupatikani," katekista akasema. "Tukajua ni uchungu."

Ikabidi nieleze. Nimesimama ukingoni mwa kaburi, nafundisha TEHAMA kwa waombolezaji. Stendi, chai, mitandao miwili, tarakimu sita, na mwizi aliyezitumia kufungua akaunti yangu kwenye simu yake. Shangazi Elizabeti, dada yake baba, macho yamemvimba kwa kulia, akanikatiza.

"Huyo Waifai ni kijana wa nani?"

"Si mtu, shangazi. Ni mtandao."

"Na ukampa namba zako?"

"Ilikuwa ya bure, shangazi."

Akanitazama weee. "Yaani umemuua kaka yangu ili usinunue bando."

Watu walicheka mpaka walioko kwenye alizeti wakaanza kurudi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na ilikuwa imeshapasuka pale pale. Kwa urefu wangu, miguuni pangetosha.

Shangazi akajifuta machozi. "Hata Paskali umemsumbua bure. Amepanda basi alfajiri."

Baba akageuka. "Paskali?"

"Yuko njiani. Alinipigia mwenyewe, analia."

"Leo?"

"Leo hii."

Jamani, uso ule sijauona tangu mama alipokuwa hai. Kaburi alilisahau hapo hapo. Akataka maji ya kuoga. Akataka koti lake la kanisani. Wanawake walipoanza kuepua makande akawakataza: "Acheni. Nina mgeni." Akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, ameelekea barabara. Nikataka kumfungua kitambaa, akanishika mkono. "Ngoja. Nitamfungulia Paskali."

Nikaenda kuchaji simu kwenye sola ya Mama Tluway. Nilitaka kufanya jambo moja la maana leo. Nilitaka kumwambia kaka yangu kwamba baba yu hai, asilie tena njiani. Simu ilipowaka nikampigia kwa njia ya kawaida.

"Niko Singida," akasema. Sauti imemkauka. "Mmepanga mazishi saa ngapi?"

"Kaka, hakuna mazishi! Baba yu hai! Ni wezi wa mtandao. Yuko hapa, amevaa koti, anakungoja!"

Nikasikia wauza karanga wa stendi.

"Mungu mkubwa," akasema. Akavuta pumzi. "Sasa Paulina, mimi kazini nimepewa ruhusa ya msiba."

"Ndiyo."

"Na msiba haupo."

"Kaka, umebakiza kipande kidogo tu. Jioni hii uko nyumbani."

"Nikigeuza sasa hivi, kesho naingia kazini. Msalimie sana mzee. Mwambie Desemba, Mungu akipenda."

Akakata. Nilikaa nyuma ya nyumba ya Mama Tluway na simu mkononi, nikalia kilio nilichodaiwa tangu jana. Ile video ya baba anamwita mwanawe haikufika popote. Ujumbe wa mwizi ulifika, na ndio uliomtoa Paskali Mwanza. Mimi mwenyewe, kwa furaha zangu, nikamrudisha.

Baba alikuwa pale pale kwenye kigoda. Nikachuchumaa mbele yake. Sikujua kudanganya, nikamwambia yote, pamoja na Desemba.

Akanisogezea uso wake. "Basi nifungue," akasema.

Nikamfungua kitambaa. Akapepesa. Akaitazama barabara yote, kutoka getini mpaka inapopotelea kwenye mashamba, taratibu. Linaona vizuri lile jicho. Alimtambua mbuzi wa jirani kwa mbali.

"Ungemwacha afike," akasema. "Mimi ningelala kule ndani, nikajifunika shuka, nikanyamaza. Akishaingia, mnafunga mlango."

Vijana wamelifukia shimo jioni. Akaunti ya yale makundi bado anayo mwizi, ndiyo maana naandika huku, kwa bando langu mwenyewe. Mkiombwa mchango kwa jina langu, msitume. Mkiulizwa tarakimu sita na kitu chochote, chenye miguu au kisicho na miguu, kataeni. Na tafadhali asinicheke mtu. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka tangu jioni, imekataa.