Dirisha la Parvez na Maadui Zangu

Jumatatu, 8 Septemba

Niandike ukweli, vizazi visije kudanganywa: bila mimi, Tabora isingejulikana ina sura gani. Nimepiga picha kila mtaa, Ng'ambo hadi Kwihara. Pale Nzega niliwahi kusimamisha mabasi manne kwa mkono mmoja, nikisubiri mwanga ukae sawa. Abiria walipiga makofi.

Leo chama chetu cha wapiga picha za mtaani kimekutana studio kwa Parvez. Jumamosi kila mtu alete picha moja. Itakayoshinda inatundikwa dirishani, wapita njia waione mwaka mzima. Mwaka mzima!

Nimempigia simu dada yangu Koleta, kijijini Ipole. Nimemwambia ile picha niliyompiga na ndoo ya asali imeshashinda. Imeshatundikwa, nikaongeza. Akalia kwa furaha. Akasema Jumapili anakuja kuiona, na wenzake watatu wa kikundi cha wafuga nyuki.

Basi. Sasa lazima ishinde.

Jumanne, 9 Septemba

Mpwa wangu Shamila, katibu wa chama, kaleta kanuni: kabla ya kukosoa picha ya mwenzio, taja mazuri mawili, kwa heshima. Uchawi wa wasomi! Anayekusifu mara mbili anapima pa kuchoma.

Nikaonyesha picha ya Koleta. Kasimama wima, mikono pembeni, uso mkavu. Mtu aliyepigwa picha, si mtu aliyefumaniwa! Humaidi, yule wa ukoo wa Waomani wenye maduka ya zamani, akakohoa kidogo. Akasema, Mjomba, ukuta umetoka vizuri sana. Na ndoo pia. Kisha akauliza, taratibu, kama nimewahi kumwacha mama huyu acheke.

Kwa nini aanze na ukuta? Kuna kitu. Yeye mwenyewe hupiga vivuli, migongo, gurudumu bila baiskeli. Mtu anayepiga migongo anaficha nini?

Mwanne, mwenzetu mwingine wa chama, hakuficha. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kanuni ya Shamila haimgusi. Akapaza sauti: “We Mnyamwezi, huyu mama anasubiri sindano? Hata nyuki wamemhama!” Parvez alicheka hadi akazima mashine yake ya kuchapa picha. Nikamjibu kwamba babu zake walimkimbia babu yangu wakidhani pembe za ndovu zinatembea zenyewe. Heshima ikarudi. Kiasi.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango! Kanuni imenifunga mimi, haijamfunga mtani. Nikampelekea Mwanne robo kilo ya karanga, nikamwomba Jumamosi amtukane Humaidi kwa niaba yangu. Alizila zote kwanza. Ndipo akasema Humaidi si mtani wake, na utani haukodishwi kama baiskeli. Eti nikitaka kushinda, niende Ipole nikampige dada upya, kwani Ipole ni Ulaya?

Kwa nini anataka niondoke mjini wiki hii? Humaidi kamnunua. Kwa korosho, bila shaka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemfuatilia Humaidi sokoni nijue analeta picha gani. Nilijificha kwenye mitumba, nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Saa nzima! Joto. Gauni moja bado lina manukato ya mwenyewe.

Jamaa anazurura tu. Anawaamkia wazee wa tumbaku, anaomba ruhusa kabla ya kupiga. Akikataliwa, anashukuru. Anashukuru! Huyo ni mtu hatari.

Hakuniona. Naapa.

Jumamosi, 13 Septemba

Picha zimepangwa mezani bila majina, ili haki itendeke. Moja nikaijua mara moja ni ya Humaidi: safu ya magauni yanapepea, katikati jicho moja, chini miguu miwili ya kiume.

Nikasimama. Nikataja mazuri mawili, sheria ni sheria: karatasi ni nene, na kona zote nne zipo. Kisha nikaishukia picha. Nikasema huyu pichani ni mwizi, tena mwizi asiye na ndugu wa kumwonya. Mtu mzima gani anavaa kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani?

Macho yote yakashuka sakafuni, kwenye miguu yangu.

Mwanne akashika tumbo. “Mnyamwezi kajitukana mwenyewe! Mie nipumzike!”

Humaidi hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Akasema alitaka kuniomba ruhusa, ila hakujua gauni linapewaje shikamoo. Akasema pia kwamba nikikataa, anaiondoa sasa hivi, kwa moyo mweupe.

Nikafikiri. Mwaka mzima dirishani. Nikatoa ruhusa, kwa sauti ya mkuu wa mkoa.

Kura: Humaidi nane. Koleta moja. Ile moja naijua ilikotoka.

Jumapili, 14 Septemba

Koleta kafika na wenzake. Nikawaeleza kuwa kamati ilibadilisha mawazo jana, mambo ya siasa. Akatazama dirisha. Akatazama miguu yangu. “Kaka! Nimepanda basi alfajiri kuja kuona vidole vyako?”

Nilidhani atalia. Akacheka! Akaegemea kioo, kilemba kikateleza, machozi yanamtoka, wenzake wanamshika kiuno asianguke. Shamila akanivuta shati: Mjomba, piga, piga sasa!

Nikamwambia atulie. Mtu hapigwi akiwa ameharibika. Nikasubiri Koleta amalize. Nikamfunga kilemba, nikamsimamisha wima, mikono pembeni, nikamwamuru afunge mdomo. Nikapiga. Picha safi kabisa! Nimewahakikishia wafuga nyuki wote watatu: dirisha la mwakani ni lake, waanze kutafuta nauli.

Jambo moja dogo, lisisomwe na mtu. Humaidi, aliyekuwa mlangoni kwa Parvez, alimwomba Koleta ruhusa akampiga katikati ya kile kicheko, akanitumia. Nimeiweka mbele kabisa kwenye simu yangu. Jioni muuza kahawa kaiona, akauliza nani fundi wa picha hii.

Nikamwambia ni mimi.