Mpira wa Kuhesabu Magari Kwenye Barabara ya 219

Jumatatu, Juni 8
Idara ya barabara imelaza mpira mweusi mrefu kama kamba kukatiza lami, kando ya daraja. Gari likiukanyaga, kisanduku chake kinahesabu. Mhandisi wao, binti aitwaye Sorensen, amekuja kunywa kahawa dukani kwangu. Amesema magari yakiwa machache, Barabara ya 219 haitakuwa tena ya jimbo. Itapewa kaunti. Vibao vya namba vitang'olewa. Bila vibao, nani ataacha barabara kuu aje kula kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu katikati, za mke wangu, Arlene? Hatuna riziki nyingine.

Nikamsimulia historia. Babu yangu alichonga njia hii kwa farasi, ikanyooka mpaka shamba la Pospisil. Hapo babu yake Vernon Pospisil, jirani yangu, alitoa kiti, akaketi mbele ya wapimaji mpaka wakachoka. Ndiyo maana barabara inazunguka shamba lile na kuvuka kijito, kwa daraja ambalo lisingehitajika. Sorensen akauliza kama kolache zimebaki.

Jumanne, Juni 9
Nimepata wazo. Nimepita juu ya mpira asubuhi nzima, kwenda na kurudi. Shida ni adabu. Huku ukipishana na mtu lazima uinue vidole viwili kwenye usukani kumsalimu. Vernon alikuwa kwenye trekta, kando ya uzio. Aliniinulia vidole. Akainua tena. Baadaye akazima trekta na kuniuliza kama nimepoteza kitu au nimepoteza akili.

Jumatano, Juni 10
Nimemweleza Vernon, nikitarajia kejeli. Zikaja. Amesema ukoo wetu haujawahi kufanya jambo mara moja likatosha. Kisha akaniazima trela lake la nafaka, akalijaza mahindi mwenyewe. Eti kama ni kuhesabiwa, tuhesabiwe kama wanaume. Sikulitegemea kwake. Bado simpendi.

Alhamisi, Juni 11
Habari zimeenea. Mchungaji amepita na basi la kanisa, tupu. Mama Zdenka wa posta amepita na barua ileile mpaka ikachakaa. Kila mtu anainua vidole, hakuna anayecheka. Arlene amewagawia kolache bure. Nilipata vumbi machoni.

Ijumaa, Juni 19
Sorensen amerudi. Tumeshinda. 219 inabaki ya jimbo. Nikampa kolache mbili.

Hakuzila. Akasema kisanduku kimeonyesha malori mazito kuliko walivyodhani, na daraja ni la enzi za babu yangu, halikujengwa kwa mizigo hiyo. Amelifunga kuanzia leo. Kwa sasa magari yatapita katikati ya shamba la Pospisil, njia iliyonyooka. Wamemwomba Vernon. Vernon amekubali. Sijui kile kiti cha babu yake kimekwenda wapi.

Jumatatu, Juni 22
Nimejua kiti kiko wapi. Vernon amekiweka kando ya njia, chini ya mwavuli. Dada yake Ludmila anauza pai za riwasi, ile mboga chachu inayopikwa kwa sukari. Wasafiri wanafika mjini wameshiba, wanaomba maji na choo. Arlene ameoka trei moja tu leo. Alipomaliza aliketi akatazama mlango.

Jumanne, Juni 23
Wamelaza mpira mwingine, shambani kwa Vernon. Sorensen anasema magari yakiwa mengi pale, njia hiyo itakuwa 219 ya kudumu.

Nimefikiri sana. Jambo moja sasa nalijua kwa hakika: mizigo mizito hufunga njia. Nimeenda kumwomba Vernon trela. Amelifunga kwenye gari langu kwa mikono yake, bila hata kuuliza la nini. Mtu mwema, maskini.

Arlene ameuliza: daraja limefungwa, na shamba nalo likifungwa, wateja watapita wapi?

Swali zuri. Nitalifikiria nikiwa njiani.