Kompyuta Yangu Imepona, Nalalamika

Jumatano, 9 Oktoba

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Nyumbani,
na kupitia kwako, kwa Fundi anayejibu maswali ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mtunza stoo mstaafu na msomaji wenu wa miaka tisa. Sijawahi kulalamika, hata ile wiki mliyochapisha picha ya printa kichwa chini miguu juu. Safari hii nimelazimika. Fundi wenu ameiponya kompyuta yangu, nami naomba airudishe ilivyokuwa.

Nieleze kwa utaratibu.

1. Makala ya tarehe 21 Septemba, "Kompyuta Nzito? Hatua Saba", ilikuwa sahihi. Hatukuzoea hivyo. Marehemu mke wangu nami tulijaribu makala za Fundi kila Jumamosi, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikibofya, na kwa kawaida hatua ya nne ndiyo iliyokuwa ikitushinda. Ile ya kuunganisha printa ilitumalizia Jumamosi tatu, na mpaka leo printa inashikilia kwamba haina karatasi. Mwenzangu alifariki mwezi wa Machi. Nimeendelea na makala peke yangu ili mazoea yasife, nikitegemea kushindwa kama siku zote. Fundi hakuweka onyo lolote kwamba hatua zake zinaweza kufanikiwa.

2. Kwenye hatua ya tano kompyuta iliniuliza kama nina uhakika nataka kufuta. Ni swali la adabu. Kule hospitalini, mwezi wa Machi, hakuna aliyeniuliza. Kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kuombwa ruhusa, nilijibu Ndiyo bila kufikiri.

3. Hapa ndipo penye jeraha. Kabla ya Fundi, kompyuta yangu ilichukua dakika kumi na moja kuwaka. Nilizipima kwa saa ya ukutani, kwa ile tabia ya stoo. Mke wangu alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi. Akirudi saa kumi alasiri, mimi nabonyeza kitufe ili tusome barua pepe za binti yetu, naye anavuta kiti, anavua viatu, anaanza kunihadithia ya wodini. Kulikuwa na mgonjwa aliyeficha suruali ya jirani yake wa kitanda, kwa sababu jirani ameruhusiwa kwenda nyumbani na yeye hataki kubaki peke yake. Kulikuwa na daktari ambaye mwandiko wake uliweza kusomwa na mfamasia mmoja tu, na mfamasia mwenyewe yuko likizo. Siku kiduara cha kwenye skrini kilipogoma kuacha kuzunguka, tulipata hata robo saa. Ni katika dakika hizo nilipojua, baada ya miaka ishirini na sita ya mapazia ya njano, kwamba mke wangu hapendi njano. Nikamwambia, mbona hukusema siku zote hizo? Akanijibu, "Mzee, uliniuliza lini?" Kisha skrini ikawaka, akasema, "Haya, mgonjwa kaamka," tukasoma barua.

Tangu Machi nimeiwasha kompyuta kila siku saa kumi. Kiti chake kipo palepale. Nakumbuka kisa kimoja kwa siku, na dakika kumi na moja zinakitosha vizuri, pamoja na kucheka. Sasa inawaka kwa sekunde arobaini. Kwa sekunde arobaini yule mgonjwa hata suruali hajaificha.

4. Nimejaribu kuiharibu mwenyewe. Nilifungua programu zote kwa mpigo. Nilinakili picha moja ya jikoni mara mia nne. Nilirudia hatua za Fundi kuanzia ya saba kurudi ya kwanza, kwa uaminifu mkubwa. Nimefikia dakika moja na nusu, hapo nimekwama. Makala zenu nimezikata na kuzihifadhi zote, nimezipitia, na hakuna hata moja inayomsaidia mtu wa hali yangu. Mnawajali wenye haraka tu.

5. Habari zimeenea. Kompyuta ilipokuwa nzito hakuna ndugu aliyeitaka. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, alikuwa akiiita kobe. Wiki iliyopita ameijaribu, akapiga makofi. "Baba, hii sasa ni duma! Unaikalia ya nini?" Anataka kuipeleka dukani kwake Jumamosi hii, aniletee kishikwambi ambacho ukikigusa tu, kimewaka. Aliisema kama habari njema.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Fundi achapishe kabla ya Jumamosi makala yenye kichwa "Kompyuta Nyepesi? Hatua Saba za Kuirudishia Uzito". Tena, kuanzia sasa kila makala itaje pale juu kabisa ni dakika ngapi itaziondoa nyumbani mwa mtu, na wote waliomo nyumbani watie sahihi kabla ya hatua ya kwanza. Ikiwa hayo hayawezekani, basi Fundi mwenyewe afike kwangu kila siku saa kumi, akae kwenye kiti kwa dakika kumi na moja. Si lazima ajue mambo ya hospitali. Avue viatu tu, na asiguse kompyuta.

Nisalimie Fundi, sina kinyongo naye. Nisalimie wapiga chapa, na dada anayepokea simu, aliyenivumilia mara mbili, na yeyote anayesubiri chochote hapo ofisini.

Ni mimi, msomaji wenu,
Mtunza stoo mstaafu

Nyongeza, Jumamosi: Barua ilichelewa kupata stempu. Mkwe amefika leo saa nane na katoni, pamoja na binti yangu. Mkwe akikunja nyaya, binti aliikuta barua hii mezani, akaisoma bila ruhusa, akaketi. Akasema, "Baba, kumbe hukuwahi kuambiwa kwamba siku ya kwanza kazini mama alilichoma sindano godoro?" Sikuwahi. Alinihadithia lote, na jinsi mgonjwa alivyomshukuru kwa kuwa haikuuma. Nami nikamwambia la suruali, ambalo yeye hakulijua. Mkwe alikalia katoni, akauliza kama suruali ilipatikana. Nilipotazama saa ilikuwa inakaribia kumi na mbili, na kompyuta ilikuwa imezimwa muda wote huo, waya wake mfukoni mwa mkwe.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote matano. Kompyuta wameichukua. Binti amesema atakuwa akija Jumamosi. Fundi aendelee kuwafundisha watu kasi, na asije kwangu, kiti kina mtu. Ukurasa wenu hauna tena cha kunifaa, lakini nitaendelea kuununua. Nanyi mkikaa kuupanga, naomba mnikumbuke.