Nukta Mkato ya Ye-rin

Jumatatu, 3 Novemba
Balaa! Mkuu wetu, Bwana Maeng, kasema ofisi nzima itatumia programu moja tu ya kuandikia Java, lugha yetu ya kompyuta. Mimi natumia Eclipse, miaka kumi na tano sasa, na mipangilio yake sijaigusa. Tak Ye-rin, aliyeajiriwa juzi, anatumia IntelliJ. Alhamisi kila mmoja ataonyesha yake mbele ya watu. Mshindi ndiye kiongozi wa timu. Kiti hicho nakisubiri tangu Ye-rin yuko shule ya msingi!

Jumanne, 4 Novemba
Nimelinganisha kwa haki kabisa. Yangu: imara, inanijua. Yake: inajifanya kujua. Ye-rin anagusa herufi tatu, programu inamalizia mstari. Nikasema hata mama mkwe wangu hunimalizia sentensi na hakuna anayempigia makofi. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamejazana mezani kwake. Hata Gong, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe! Wivu? Ndiyo, naona wivu. Leo hata kabichi yangu ya kimchi haikushuka.

Jumatano, 5 Novemba
Wenzangu wameenda kula. Nikasingizia tumbo. Faili la maonyesho la Ye-rin liko kwenye folda ya timu. Nikalifungua kwa Eclipse yangu, nikafuta nukta mkato moja, mstari wa 212. Moja tu, na bila hiyo kazi yote haiendi! Nikahifadhi. Herufi za maelezo yake ya Kikorea zilionekana ovyo ovyo. Sikujali, vijana wana mambo yao.
Ye-rin karudi na uji wa maboga. Kasema mkubwa wangu, kula, tumbo litulie. Nikaula wote. Nikamchukia zaidi.

Alhamisi, 6 Novemba
Akafungua faili. Mstari mwekundu ukatokea palepale, akabonyeza, nukta mkato ikarudi. Sekunde mbili. Makofi! Kisha akateremsha ukurasa. Lo! Maelezo yote ya Kikorea yamegeuka alama za kuuliza. Mkuu akauliza nani kahifadhi faili hili kwa EUC-KR, ule mpangilio wa zamani wa herufi za Kikorea.
Ofisini ni mtu mmoja tu ambaye Eclipse yake bado inautumia. Mwaka jana niligoma kuuacha, tena kwa barua.
Gong akaniuliza, mbele ya watu wote: "Meneja Pyo, kumbe tumbo lako lina mikono?"
Kiongozi ni Ye-rin. Kasema ana nakala nyingine, nisijisumbue. Upole wake ndio ulioniuma kuliko kicheko cha Gong.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimetubu. Nimeweka IntelliJ. Ye-rin kaweka mwongozo wa timu kwenye folda, Kikorea kitupu, kaandika vizuri mno. Mwishoni kuna orodha ya majina. Langu ni la sita. La sita! Baada ya Gong!
Programu mpya sijaizoea. Nikaufungua mwongozo kwa Eclipse, dakika moja tu, nikaupandisha mstari wangu wa sita hadi wa pili. Nikahifadhi.