Chura, Nyumbu na Ukatibu wa Kwaya

Jumatatu, 10 Juni 2024

Kilolo baridi kali. Maji ya kunawa yanauma kama siafu. Lakini moyo wangu unawaka!

Katibu wetu wa kwaya kahamia Mbeya. Uchaguzi ni Jumapili hii baada ya ibada. Nautaka ukatibu. Nimeimba sauti ya nne miaka kumi na tisa na sijawahi kushika hata ufunguo wa kabati la majoho. Mungu shahidi, si kwa sababu katibu hukaa kiti cha mbele kwenye basi la kwenda tamasha Mbalizi. Si kwa sababu hiyo peke yake.

Mpinzani ni mmoja: Mzee Zabron, bwana shamba mstaafu. Mtu anayevaa miwani ya kusomea hata akiwa hasomi.

Leo mazoezini Mwalimu Faustina, anayetufundisha kwaya, kasema wimbo wa tamasha umetushinda kwenye nota, mpaka tuusikie. Ipo video, kwaya ya ng'ambo, kila sauti inaimba peke yake kwanza, kisha zote nne. Atakayeipata kabla ya Jumapili atakuwa ameisaidia kwaya kuliko hotuba. Zabron akanyoosha mkono. Nikanyoosha na mimi. Wa kwangu ulikuwa juu zaidi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa Rabson wa stesheneri. Kasema video hiyo haipatikani kwenye njia za kawaida. Inapatikana kwa programu za kugawana mafaili, watu wanapeana kompyuta kwa kompyuta. Ziko tatu. Kanitilia zote kwenye flashi, nizijaribu kwenye kompyuta yangu nyumbani nichague mwenyewe. Nimemsihi asimwambie mtu. Kasema yeye ni kaburi.

Nimeanza na yenye picha ya chura. Mbio ajabu! Video imeshuka kabla chai haijapoa. Nimemwita mke wangu Yusta, naye mwanakwaya, aje asikie malaika. Tumefungua. Wanaume wawili wanene wanapigana mieleka. Hawakuimba hata ubeti.

Tena Chura hakuja peke yake. Kaleta programu nyingine sita ambazo sikuzialika, na kila nikibonyeza kitu anatokea binti anayetaka tufahamiane. Yusta kamtazama kwa utulivu. "Baba Devota, na huyu yuko sauti ya ngapi?"

Nimemfuta Chura. Binti kabaki. Nimemfunika na kitambaa cha meza.

Chura: mbio, kumi juu ya kumi. Ukweli, sifuri.

Jumatano, 12 Juni

Programu ya pili: Tone, kwa kuwa picha yake ni tone la bluu. Hii ndiyo ya Kikristo! Rabson kanieleza: faili halitoki kwa mtu mmoja, linakatwa vipande, huyu anakupa kipande, yule kipande, na wewe unawapa wengine ulicho nacho. Nikamwambia huo ni mgowe. Watu wanakuja na majembe yao, shamba lako linalimwa, kesho unakwenda kulima kwao. Akasema hasa. Na mtu wa kula na kukimbia, programu inamjua.

Kumbe Wazungu nao wana mgowe! Nimeguswa sana.

Asilimia 40 saa nne. Asilimia 80 saa nane. Asilimia 97 saa kumi.

Alhamisi, 13 Juni

Asilimia 97.

Nimeiwekea mikono kompyuta na kuomba. Asilimia 97. Rabson kasema wenye vipande vilivyobaki wamezima mashine zao. Yaani wamelima mpaka mstari wa mwisho wakaondoka na majembe. Hapa Kilolo watu kama hao tungewasema hadi kwenye msiba.

Pale stesheneri nimemkuta Zabron akificha kitu ndani ya koti. Kasema amekuja kupiga picha ya pasipoti. Nikasema nimekuja kununua bahasha. Ikabidi ninunue bahasha.

Nimerudi na hasira takatifu, nikachapa kwenye kompyuta mkakati wa uchaguzi. Mtu kwa mtu, nani aambiwe nini. Ni siri yangu na Bwana. Nimeuhifadhi kwenye Nyaraka Zangu.

Ijumaa, 14 Juni

Tone bado 97. Nimeiacha. Nimefungua ya tatu, yenye picha ya nyumbu. Nyumbu hana papara, kila mtu anapanga foleni. Nimeipata video, nikapewa namba yangu: 2,316.

Nimerudi kwa Rabson. Kasema Nyumbu humpandisha anayetoa. Ukigawa mafaili mengi na watu wakayachukua, unasogea. Programu itaniuliza folda gani nigawe, nichague moja ndogo tu.

Ndogo! Mimi nimekulia kwenye mgowe. Marehemu mama hakuwahi kuwaita watu shambani halafu akaficha nusu ya chungu cha togwa ndani. Aliona aibu hata aliyelima mstari mmoja akinyimwa. Nimegawa Nyaraka Zangu zote. Mazoezi ya kwaya, picha za kipaimara cha Devota, bei za mbegu za viazi, kila kitu. Mkono wa kuume haukuuliza wa kushoto una nini.

Kufikia jioni: namba 1,870.

Jumamosi, 15 Juni

Utukufu! Asubuhi mtu mmoja kachukua mafaili yangu yote thelathini na nane. Jina lake kwenye programu ni Bwanashamba58. Mkulima mwenzangu, pengine wa Brazili. Nimemwombea mavuno mema na ndoa yake.

Nyumbu imenipandisha mpaka namba 3. Saa saba video imeshuka yote. Kwaya kweli, nota kweli! Yusta kasikiliza sauti ya pili mpaka mwisho na ugali ukaungua. Nimeshinda.

Nyumbu: mbio, mbili. Uaminifu, kumi.

Jumapili, 16 Juni

Naandika taratibu.

Mkutano ulikuwa kanisani, watu thelathini na wanne. Zabron kapewa nafasi ya kwanza kujieleza. Kavaa miwani, kakunjua karatasi, kaanza kusoma. Sentensi ya kwanza nilidhani Roho amempa maneno yangu. Ya pili ilikuwa na jina langu.

Ni mkakati wangu! Kasoma wote. Kwamba Mwalimu Faustina apelekewe viazi nusu gunia, aambiwe ni upendo. Kwamba Anania asifiwe besi yake, ingawa ni kama mashine ya kusaga iliyolegea mkanda. Kwamba Zabron asemwe kwa huruma kuwa hasikii vizuri. Anania kanitazama mpaka nikatazama dari.

Zabron alikuwa amenogewa, hakuangalia mbele anakwenda wapi. Kasoma na mstari wa mwisho, kwa sauti kubwa:

"Verediana asipendekezwe na mtu yeyote, maana anafaa kuliko mimi na Zabron tukiunganishwa."

Verediana ni wa sauti ya pili. Ndiye anayeandika mahudhurio na kufua majoho, na hakuna aliyewahi kumfikiria. Sasa wote wakageuka.

Nikasimama kujitetea. Nikamuuliza Zabron karatasi kaipata wapi. Kasema mtandaoni. Wapi mtandaoni? Kwenye Nyumbu. Anatafuta nini kwenye Nyumbu? Kavua miwani, akaifuta. Rabson, kiti cha nyuma, kapata kikohozi.

Video ilibaki mfukoni mwangu kwenye flashi, hakuna aliyeiulizia. Verediana kura thelathini na moja. Zabron moja. Mimi mbili. Moja niliipiga mwenyewe. Njiani nikamshukuru Yusta kwa ile ya pili. Kasema si yeye.

Jumanne, 18 Juni

Zabron kaja nyumbani mchana. Tumesalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene. Tumekula viazi vya kuchemsha bila kutajana. Halafu kasema Verediana ameshapanga basi la Mbalizi: sauti ya kwanza na ya pili mbele, sisi wawili nyuma kabisa, pembeni ya tairi la akiba. Wazee wawili! Machungu yakatuunganisha.

Uenyekiti wa kwaya utakuwa wazi Desemba. Tumekubaliana tusaidiane. Nani awe mwenyekiti na nani makamu, tutaliombea. Safari hii tuna akili. Kwenye simu hatuandikiani, wake zetu wanasoma. Kutembeleana kila siku watu watashtuka. Mkakati tutapitishiana kwenye Nyumbu, ambako hakuna anayetujua.

Rabson kaniambia tangu Jumapili flashi zimemwishia, kwaya karibu yote wamekwenda kuchukua Nyumbu. Nimefurahi. Usharika unapenda maendeleo.

Nimechapa kurasa mbili, nikazigawa, nikaenda kulisha kuku. Niliporudi Nyumbu inaonyesha mkakati umeshachukuliwa mara ishirini na tisa.

Namsifu Mzee Zabron. Ni msomaji makini.