Eda ya Mwanvita na Wakili Aliyechelewa

Jumamosi, 3 Mfungo Tano 1302

"Miezi mitatu haijatimia," asema Alawi, wakili wangu. Uongo mtupu. Eda ya mwanamke anayepata damu ni tohara tatu baina ya hedhi, si miezi mitatu. Hata mtoto wa chuoni anajua. Nilimkabidhi barua ya kumrejea mke wangu Mwanvita, niliyempa talaka moja katika ubishi wa mwandamo wa mwezi. Akaikalia, akihesabu miezi. Jana ndipo alipofika Zinga, kwa kaka yake Mwanvita. Eda imekwisha juzi. Siku moja tu.

Nimekuna nazi mwenyewe. Tui limetoka jekundu. Kidole kinauma.

Jumatatu, 5

Nimeandika mashtaka dhidi ya Alawi. Kurasa kumi na tisa. Nimeyasoma kwa sauti sebuleni. Zamani nikisoma hoja mbovu, Mwanvita alikuwa akikohoa huko jikoni. Kikohozi kile kilinikasirisha miaka kumi na miwili. Leo nimesoma mara mbili, nikinyamaza kati ya kurasa ili nisikilize. Kimya. Basi hoja zote ni nzuri.

Jumanne, 6

Kwa kadhi. Nimedai Alawi alazimishwe kuihuisha eda aliyoiua. Kadhi akaniuliza kama niliijua hesabu ya tohara. Nikasema naijua tangu utotoni. Akauliza, kwa nini basi sikumrejea mwenyewe? Yatosha mume atamke "nimemrejea mke wangu", hata akiwa barazani kwake. Nikajibu kwamba mtu wa elimu hatamki maneno matatu bila dibaji.

"Basi dibaji yako ndiyo iliyokuacha, bwana," akasema. Alawi, naye ndiye mshtakiwa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kadhi amemkemea kwa uzembe, akamkataza uwakili mwaka mzima. Mke hakunirudishia. Nimeshinda. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye mkeka, upande wake.

Alhamisi, 8

Kaja Ashatu, shangazi yake Mwanvita, kutoka Zinga. Nimempa shikamoo, kaitikia, kahawa kaikataa. Kasema Mwanvita alikaa kizingitini kila alasiri mpaka eda ikaisha, akiitazama njia ya Bagamoyo. Sasa Bwanausi wa Mbegani analeta posa kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Nikimtangulia, kwa ndoa mpya na mahari mapya, Mwanvita atanikubali. Sharti ni moja, na maneno ni yake mwenyewe: "Aje kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake. Karatasi zake hata kuwashia moto hazifai."

Nikauliza kama Mwanvita ananikumbuka. Ashatu akasema huuliza ni nani anayenikoholea siku hizi.

Sikulala.

Ijumaa, 9

Alfajiri nimevaa kanzu mpya, nikashika njia ya Zinga. Nimefika nyumba ya mwisho ya mji. Hapo nikawaza: nikisimama mbele yake, nikakosa neno? Nikarudi.

Nimeandika posa. Kurasa thelathini na moja, sijapata kuandika vizuri hivi. Nimeisoma kwa sauti. Hakuna aliyekohoa.

Jua limepanda. Enyi mawakili wa Bagamoyo, mmoja wenu aje mlangoni kwangu sasa hivi, auchukue waraka huu, aufikishe Zinga kabla ya adhuhuri. Na asichelewe. Mwenzenu nimekwisha kumshinda.