Geti la Bi Wafa na Jasho la Gaudens

Jumatatu, 8 Septemba

Kudhalilishwa kwenye kazi yangu mwenyewe! Miaka yote hii nachora mageti kwa chaki kwenye sakafu ya karakana ya Mzee Mrisho, hapa mtaa wa Gerezani. Nachora geti kwa ukubwa wake halisi, mafundi wanalaza nondo juu ya mistari yangu, wanachomelea. Mteja anavua viatu, anatembea juu ya geti lake kabla halijazaliwa. Ustaarabu ulioje!

Leo Mzee kamleta Charmi. Katoka chuo juzijuzi, ana tableti, na ndani ya tableti kuna akili mnemba. Mteja akasema anataka geti lenye tausi. Hajafunga mdomo, tausi hawa hapa, kila mmoja kafungua mkia. Mafundi wakapiga makofi. Mimi nimepiga magoti na chaki yangu, hakuna anayeniangalia. Na huyo binti akaniamkia shikamoo! Nina miaka arobaini na moja!

Jumanne, 9 Septemba

Mzee katangaza kwamba karakana haiwezi kulisha wabunifu wawili. Bi Wafa, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, anajenga nyumba Upanga na anataka geti. Atakayemridhisha Bi Wafa ndiye atakayebaki kuchora. Mwingine atapaka rangi. Kupaka rangi! Mimi!

Nikaamua kumuwahi Bi Wafa. Nikaenda dukani kwake, nikamweleza kwa upole kwamba mashine ile inampa kila mtu geti lilelile, asije akafanana na jirani. Akaniuliza kama jirani yake naye kachorewa na mashine. Nikasema bila shaka. Akasema basi na yeye anataka la mashine, tena liwe kubwa kuliko la jirani. Nimerudi kwa miguu huku nikiongea peke yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeshawajua watu hawa. Hawapendi geti, wanapenda mashine. Sasa watanitambua!

Leo mafundi walikwenda Buguruni kufunga geti la mteja. Nikabaki peke yangu, nikachora geti la maisha yangu. Matawi yanapanda pande zote mbili, yanakutana juu, na ule mlango mdogo wa kupita watu umejificha ndani ya shina la mti, huwezi kuuona mpaka ufunguliwe. Nilikaribia kulia. Nikapanda ngazi, nikapiga picha kwa simu. Theopista wa steshenari akaisafisha kwenye kompyuta, akajaza rangi nyeusi, akaweka anga la bluu na majani ya kijani ambayo Gerezani hatujawahi kuyaona.

Mpango ni huu: nitasema ni kazi ya mashine. Bi Wafa ataisifu. Hapo nitasimama nitangaze kwamba ni mkono wa Gaudens. Aibu yao! Ili siri isivuje, nikaosha sakafu kwa sabuni ya unga mpaka ikang'aa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni ndefu.

Ijumaa, 12 Septemba

Dunia haina haki!

Bi Wafa kaja. Charmi akamwonyesha geti la simba wawili. Mmoja alikuwa na miguu mitano, na hata huyo akasifiwa. Nikatoa simu yangu, nikasema na mimi nimeijaribu mashine. Wote wakainamia simu. Bi Wafa akashika kifua, akasema mashaallah, mwanadamu hawezi kubuni kitu kama hiki. Mzee Mrisho akavua kofia.

Nikapanda juu ya ndoo ya rangi, nikatangaza: ni mimi! Mkono huu hapa!

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee akaniambia niache utani, kama ni mimi niwaonyeshe mchoro. Nikawapeleka sakafuni. Sakafu inang'aa. Bi Wafa akasifu usafi.

Nikapiga magoti, nikachora upya mbele yao, jani kwa jani, jasho linalowesha chaki. Bi Wafa akalinganisha na simu. Akasema nimejitahidi kuiga, ila la mashine lina uhai. Lina uhai! Nikadai Theopista aitwe awe shahidi. Akaja, akathibitisha kwa fahari kwamba picha imetoka kwenye kompyuta yake.

Geti linachomelewa juu ya chaki yangu. Charmi ndiye mbunifu, kwa kuwa mashine anazielewa. Mimi nimekabidhiwa brashi.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nimelipaka rangi geti langu mwenyewe. Bi Wafa kaleta ndugu zake walitazame. Kila anayeingia ni mashine, mashine, mashine. Mmoja kaniambia niwe mwangalifu nisije nikaharibu kazi ya watu.

Jioni Charmi akaniita pembeni. Anaamini ni mkono wangu, maana mashine yake haijawahi kukumbuka mlango mdogo hata siku moja. Akasema yuko tayari kumweleza Mzee, tuchore pamoja, mimi chaki na yeye tableti. Halafu akamalizia na shikamoo.

Nimekataa! Gaudens hahurumiwi na tableti.

Tena nina mpango. Jumatatu anakuja mteja wa geti la msikiti. Nimeshamnong'oneza Mzee kwamba nimepata mashine mpya, kali kuliko ya Charmi, na kafurahi sana. Nitachora mwenyewe, nitasema ni mashine, wataisifu, na hapo ndipo nitakaposimama niwaumbue wote. Nataka nione safari hii watauficha wapi uso!